Bakuli ya Papa Haishike Moto

Likasi, Shituru, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2025

Mutoto yangu Manuella,

Minye mama yako niko muzima, Mungu iko mukubwa. Nawaza hii barua itakukuta weye vile vile, na ile kikohozi ya mwisho wa mwaka imekwisha. Kama haiyaisha, lomba basista bakupe asali. Usiogope kulomba. Kulomba haiko zambi.

Huku mvua inanyesha mpaka ukuta inatoa jasho. Muhindi ya nyuma ya nyumba imepita kichwa yangu. Jirani yetu Joachim amepaka nyumba yake rangi nyekundu na nyeupe, sasa bantu ya pikipiki banasimama pa mulango banaomba essence, banawaza ni station ya petroli. Anakasirika! Minye nacheka paka ndani ya roho tu, juu ya sababu ni jirani.

Bon. Niingie mu maneno.

Kaka yako Arsène alitoka Kolwezi siku ya Noeli, akatuletea micro-onde, masini ya kupashia chakula na umeme. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akatia prise ku umeme, akasema, «Mama, sasa hautahangaika tena na mbabula ya makala.» Akakula haraka, akarudia kazi yake. Hakunionyesha kitu, paka ile kifungo ya kuzungusha.

Manuella mama yangu, ile masini haipashe chakula. Taa inawaka. Inaunguruma kama nyuki. Sahani ya kioo inazunguka muzuri, kisha inalia tiii. Natosha chakula mule ndani: baridi. Baridi kama niliitosha mu maji ya Lufira. Naitia tena, inazunguka tena, paka vile. Na minye niko na haraka: napika asubuhi, naenda soko na mboga yangu, saa sita narudia mbio juu ya kupasha uji, kisha narudia ku meza yangu pa soko. Kuwasha makala ile saa, wapi!

Weye njo ulisoma mambo ya courant, ya umeme. Fer za kupiga pasi na réchaud za kupikia za hii avenue yote zilipita mu mikono yako. Kalombo, ule wa kutengeneza radio pa soko, anasema aifungue na tournevis, bisibisi yake, aangalie ndani. Nimuachie? Anajua radio, mais hii haiko radio.

Papa yako iko muzuri. Anakusalimia sana sana. Ile saa naandika ametoka kidogo, njo maana hakutia neno yake chini ya barua.

Na weye, endelea paka mbele. Usigeuze kichwa. Unamujua Georgette, mutoto ya shangazi yako. Alitoka novisia, ile nyumba ya kufunzia basista, kuya kuuguza mama yake, akasema, «Narudia kisha Pasaka.» Leo iko anauza bitenge kule Kikula, iko na batoto, na akiona voile ya kichwa ya sista mu njia anajifanya anafunga kiatu. Sipendi ikufikie vile. Tarehe kumi na tano mwezi wa nane, siku ya Mama Maria, nataka nikuone unatoa ahadi yako ya usista na benzako.

Nafunga, juu mboga inanyauka.

Mama yako, Émérence


Novisia, Moba, tarehe 9 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Barua yako imefika na boti ya Kalemie, imelowa pembeni, lakini mwandiko wako naujua hata ndani ya maji. Kikohozi kimeisha. Tumevuna maharagwe, na mimi ndiye ninayepiga kengele ya asubuhi wiki hii. Sista Hélène, mlezi wetu, anasema naipiga kama mtu anayegombana nayo. Nilicheka peke yangu nikisoma habari za Joachim, wenzangu wakaniuliza, nikawasimulia, sasa novisia nzima inamjua Joachim.

Sasa micro-onde. Kwanza kabisa, Mama, Kalombo asiifungue. Ndani kuna kitu kinachotunza courant hata baada ya kutoa prise. Kinaweza kumuua mtu ambaye anafikiri masini imelala. Mwambie hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema.

Fanya hivi. Angalia kama mlango unafunga vizuri, usibaki na kitambaa au mabaki ya chakula kwenye ukingo. Angalia kile kifungo: kama mshale umeelekea picha ya theluji, yaani nyota ndogo, basi inayeyusha barafu tu, haipashi, usogeze mpaka mwisho. Isiunganishwe kwenye prise moja na frigo. Na saa sita watu wa avenue yote wanapika, courant inakuwa dhaifu, taa zinakuwa nyekundu. Courant ikiwa dhaifu, masini inazunguka na kuimba bila kupasha. Kisha weka glasi ya maji, bila kitu kingine, dakika mbili. Uniambie kama maji yamepata moto. Halafu uniambie unapasha chakula gani, na kwenye chombo gani. Hicho ndicho nataka kujua zaidi.

Lakini Mama, kwa nini unaniuliza mimi? Muulize Papa. Mimi nilijifunza shuleni, yeye alizeekea kwenye atelier ya umeme ya usine, karakana ya kiwanda. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namshikia taa wakati anafungua réchaud, na nikiiyumbisha ananiambia, «Manuella, mkono wa fundi hauna wasiwasi.» Yeye angeitengeneza kabla hujamaliza kumweleza.

Na neno lake limenikosa. Tangu nimekuja huku, hakuna barua yako iliyofika bila yeye kuandika chini yake «Vu et approuvé», kama wakubwa wa atelier walivyokuwa wanaandika chini ya kila karatasi: nimeona, nimekubali. Hata ile barua uliyomsema kwamba anakoroma, aliandika «Vu et approuvé». Barua mbili sasa, hakuna. Mwambie namdai sahihi.

Nawakumbatia wote wawili.

Manuella wenu


Likasi, Shituru, tarehe 16 mwezi wa tatu 2025

Mutoto yangu,

Nakusalimia na roho yote. Tuko bazima. Mvua imepunguka, kuku ile nyeusi imeangua, na padiri mupya ya parokia anahubiri mpaka bamama banasahau sufuria ku moto. Arsène alituma salamu.

Nilifanya yote ulisema, moja moja, kama catéchisme. Mulango inafunga. Kifungo haiko ku nyota. Niliihamisha mbali na frigo. Nikangojea courant ya nguvu, taa nyeupe kabisa. Nikatia glasi ya maji.

Manuella, maji ilitokota! Nilionja juu ya kuhakikisha, nikaungua ulimi, siku nzima nilikuwa nauza mboga nasema kama mulevi. Nikatia mukate, ikapata moto. Nikatia sombe ya jana, majani ya muhogo, mu sahani ya kioo, ikapata moto mpaka ikaruka. Nikashukuru Mungu.

Saa sita ikafika. Nikatia chakula ya saa sita. Ikazunguka, ikaimba, ikalia tiii. Baridi.

Nikaita Kalombo. Nikamukataza kufungua, nikamuambia maneno yako, akaogopa, akapeleka mikono nyuma kama iko mbele ya juge wa mahakama. Akatia maji ya chai, ikatokota. Akaniambia, «Mama Arsène, hii masini haina kitu. Labda chakula yako njo mugonjwa.» Akacheka. Minye sikucheka.

Juu nakuambia ukweli, naanza kuogopa. Chakula ingine yote inapasha, ile moja inakataa. Siku ingine ilitosha kacheche ka bluu pembeni, tap! Nikasimama nikasema Baba Yetu. Najiuliza kama ni Mungu. Mungu anaweza kukataa chakula ya muntu juu ya kitu ile muntu alifanya? Uliza Sista Hélène, mais usiseme ni minye.

Umeuliza chombo. Ni chombo ya kawaida, ya kukulia. Na chakula ni uji na mboga laini, minye njo nakula, meno yangu inauma.

Papa yako iko muzuri. Lunette yake ya macho imevunjika, anaandika kwa shida. Mais nimemuambia unamudai, amekubali kutia neno yake hapa chini.

Usigeuze kichwa, mama yangu. Unasikia?

Mama yako, Émérence

Vu na aprouvé. Papa.


Novisia, Moba, tarehe 24 Aprili 2025

Mama,

Kristo amefufuka. Nawatakia furaha ya Pasaka. Tuliimba usiku wa Pasaka mpaka sauti zikakauka, na ziwa limejaa upepo, kwa hiyo sijui boti itachukua barua hii lini.

Nimesoma barua yako nikairudia, kisha nikaenda nayo shambani nikaisoma tena.

Masini haichagui, Mama. Haijui zambi ya mtu. Inapasha maji, inapasha mkate, inapasha sombe kwenye kioo. Basi yenyewe ni nzima. Kilichobaki ni chombo. Nilikuuliza chombo, ukaniambia «ya kawaida». Hicho kicheche cha bluu kimenijibu badala yako: ni chuma.

Nikawaza, mwetu kuna chombo gani cha chuma cha kulia chakula. Sufuria huwezi kuweka mle, unaona mwenyewe ni chuma. Lakini kuna kimoja kinachoonekana kama cha udongo mweupe: bakuli la emaye, lenye ukingo wa bluu, na kifuniko chake. Nyeupe juu, chuma ndani. Nguvu ya micro-onde haipiti kwenye chuma, kama mvua isivyopita kwenye bati. Ukiliweka na kifuniko chake, chakula kinakaa mle kimejificha, masini inazunguka bure mpaka kesho.

Na nyumbani kwetu chakula cha mtu mmoja tu ndicho kinafunikwa. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kugusa kile kifuniko.

Kwa hiyo ni Papa anayekula uji saa sita. Papa, ambaye alisema uji ni chakula cha watu wasio na meno na wasio na mke. Na ni Papa ambaye yuko ndani ya nyumba, anakuona unaingiza chuma kwenye micro-onde kila siku, na hasemi neno. Mama, Papa asingevumilia hata mara moja. Angepiga kelele Joachim akasikia.

Ile «Vu» si yake. Yeye haandiki «na», wala hajawahi kusaini «Papa». Uliiga vibaya, na nilipoiona nililia kabla ya kujua ninalia nini.

Sitauliza tena mambo ya masini. Toa kifuniko, hamishia chakula kwenye kioo, kitapata moto. Nauliza kitu kimoja: Papa yuko hai?

Manuella


Likasi, Shituru, tarehe 18 mwezi wa tano 2025

Manuella,

Iko hai. Naanza na ile, kisha ntakusalimia.

Iko hai, mutoto yangu, iko hapa mu kiti yake, nasikia anapumua. Sasa nakusalimia. Nisamehe nakusalimia nyuma.

Alianguka mwaka jana, mwezi wa kumi, tukitoka misa. Nilikuwa nasema naye maneno ya bitunguu, nikaona hajibu, nikageuka, iko chini. Tulimupeleka hôpital, akarudia na nusu ya mwili. Mukono ya kuume haifanye kitu, muguu anakokota, kinywa imeenda upande. Anasikia yote, anaelewa yote. Kusema njo haiwezekani. Iko na sauti, mais haiko na neno.

Arsène anajua. Minye njo nilimukataza kukuambia. Nilimuambia ni Papa alisema usijue. Na weye pia nilitaka kukuandikia vile, kalamu ikakataa. Haiko Papa. Ni minye. Papa hakusema kitu, alikuwa hana kinywa ya kusema. Niliwaza Georgette. Nikasema, akijua atakuya, akikuya hatarudia, na itakuwa juu yetu. Nikasema, ngoja mwezi wa nane ipite. Nilikuwa nahesabu kama muntu iko amebana pumzi.

Sasa nikuambie mambo ya bakuli, juu njo inaniua.

Mama yangu kule Kapolowe alinifunza: chakula ya bwana inafika imefunikwa, yeye mwenyewe njo anafunua. Nimefanya vile tangu harusi. Papa yako alipoanguka, bintu byote bilimutoka. Namuogesha. Namufungia suruali. Natosha mate yake mbele ya bageni. Nikasema moyoni, hii moja haitamutoka: kifuniko itabakia. Napasha na kifuniko, naleta na kifuniko, kama zamani. Na mu bakuli yake, haiko ya muntu ingine. Njo maana nilikuandikia «chombo ya kawaida». Ningesema bakuli ya Papa, ungejua.

Donc alikula baridi. Tangu Noeli mpaka barua yako ilifika, alikula baridi juu ya bongo yangu, uongo yangu. Ningekuambia bakuli mu barua ya kwanza, ungenijibu paka pale.

Mais kuko kubaya kupita ile. Kiti yake inaangalia jikoni. Kila saa sita, nikifungua masini kutia bakuli, alikuwa anapiga meza na mukono ya kushoto. Pa! pa! pa! Nikisogea karibu, anasukuma kifuniko ianguke. Siku moja ilibingirika mpaka nje, kuku zikakimbia. Nikamugombeza, Manuella. Nikamuambia, «Gracien, unanikatalia chakula? Unaniazibu juu ya mutoto?» Juu niliwaza anajua nakudanganya, alikuwa ananiona nikiandika. Nilichukua kifuniko, nikaipangusa, nikafunika tena, nikatia mu masini. Akageuza uso ku ukuta.

Kumbe ilikuwa fundi njo anapiga meza. Alikuwa ananiambia, tosha kifuniko. Muntu wa courant, na bibi yake anamupashia chuma mbele ya macho, na hana neno.

Barua yako ilifika saa ya chakula. Nilisoma nimesimama. Nikatosha uji, nikaitia mu sahani ya kioo, wazi, kama ya mutoto. Sikumuangalia, niliona haya. Masini ikalia. Moshi ikapanda. Nikaleta ile sahani, wazi vile, mbele yake. Akaangalia moshi. Akaniangalia minye. Kisha akacheka, na ile nusu ya kinywa inacheka bado. Nilimulisha, machozi yangu ikaanguka mu uji, akakula paka vile.

Akimaliza, akapiga meza tena. Nikamuuliza, ni nini tena? Anapiga anaonyesha kabati. Nikafungua. Photo yako njo ilikuwa mule, ile umevaa nyeupe. Nilikuwa nimeificha, juu alikuwa anaiangalia na kulia, na minye sikuweza. Nimeirudisha ku ukuta.

Sikuambie ukuye. Sikuambie ubakie. Niliamua badala yako safari moja, umeona vile ilitoka.

Nisamehe. Kama haiwezekani sasa, usinisamehe mbio mbio juu ya usista. Ngoja itoke yenyewe.

Mama yako, Émérence

Hakuna neno chini. Sikutia.


Novisia, Moba, tarehe 15 Juni 2025

Mama,

Barua yako nilimpa Sista Hélène aisome, kwa sababu nilishindwa kueleza kwa mdomo. Aliisoma mpaka mwisho, akavua lunette, akasema, «Mama yako anapika vizuri?» Nikasema ndiyo. Akasema, «Nenda nyumbani ukale.»

Nitaondoka mwanzo wa mwezi wa nane, na boti mpaka Kalemie, kisha barabara. Tarehe kumi na tano wenzangu watatoa ahadi zao hapa, mimi nitakuwa Shituru. Siku za kuwa nje ya novisia zinarudishwa baadaye, ndiyo kanuni. Sista Hélène ameniambia mlango hautafungwa. Mimi nitarudi au sitarudi, sijui, na sitakuahidi, hata kama najua ndilo neno unalolitafuta kwenye barua hii. Nilikuja huku kutoa ahadi kwa Mungu. Siwezi kuanza kwa kutoa nyingine ya kukutuliza wewe.

Nina hasira, Mama. Nimepiga kengele, nimevuna maharagwe, nimecheka habari za Joachim, na Papa alikuwa anapiga meza. Ulinifanya nicheke wakati ule. Hicho bado hakijanitoka.

Lakini nimewaza pia kile kifuniko. Ulimfunika Papa kwa heshima, na mimi ulinifunika hivyo hivyo. Najua. Nakuja kufunua mwenyewe.

Mnaweza kuniandikia barua moja kabla sijaondoka. Uji wa Papa utie soya na karanga iliyosagwa, usimpe sukari nyingi. Na mpe kalamu. Mkono wa kushoto nao ni mkono. Yeye aandike, si wewe.

Manuella


Likasi, Shituru, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Mutoto yangu Manuella,

Tunakusalimia. Leo nasema «tunakusalimia» na ni kweli, juu Papa yako iko kando yangu, kiti kwa kiti, anaangalia kila herufi natia. Ni kama kuandika mbele ya polisi.

Baridi ya asubuhi imeingia. Kuku nyeusi imepoteza batoto babili kwa mwewe. Joachim amepaka nyumba yake tena, sasa ni rangi ya kijani, kama pharmacie ya kuuzia dawa. Kalombo anamuambia, «Tulikuwa tunakuya kutafuta essence, sasa tutakuya kutafuta dawa.» Nilimusimulia Papa, akacheka mpaka nikaogopa.

Barua yako nilimusomea yote, pale ya hasira pia. Kabla ya kuisoma nilimusomea zangu zote, vile nazikumbuka: lunette ilivunjika, ametoka kidogo, meno yangu inauma. Kila neno ya bongo, alikuwa anapiga meza pigo moja, polepole. Hakukasirika. Ilikuwa kama anahesabu bintu mu atelier, anasema hii niliiona, hii pia niliiona. Nikaendelea mpaka ikaisha.

Masini inafanya kazi muzuri. Kifuniko naweka bado, mais nyuma: chakula ikishapata moto kule mu kioo, naimimina mu bakuli yake, nafunika, naleta, na yeye anafunua na mukono ya kushoto. Moshi inamupiga mu uso. Anapenda vile. Anafunga macho.

Kitanda yako nimetandika. Nilitaka kuandika hapa, «mais utarudia kule, si vile?» Nimeanza, nimekata, utaona pale nimekata. Weye fika kwanza. Kama kisha utarudia Moba, ntakufungia chakula ya njia. Kama hautarudia, na Georgette akiuliza, ntamuambia akuye akuone, asifunge kiatu.

Sasa nampa kalamu. Minye nashika paka karatasi isiteleze.

Ameikamata. Inaanguka. Nimemurudishia. Ameandika neno ya kwanza, imechukua muda, jasho inamutoka, ulimi iko nje kama mutoto wa première, darasa ya kwanza. Nilingojea atie ile ingine, «et approuvé». Nikamuambia, «Gracien, bado ya pili.» Akatikisa kichwa. Akaweka kalamu chini, akaangalia mulango.

Nawaza ile ya pili, ya kukubali, haiko ya hii barua, ni ya siku utafika. Na kwangu minye, ni haki yangu kuikosa.

Njia njema, mama yangu. Chunga boti.

Mama yako, Émérence

V u